Wameachana Huku, Bado Wameoana Kule

Mnamo tarehe 4 Oktoba 1940, jamaa mmoja mwenye duka na mwanamke aliyekuwa mke wa karani wa duka hilohilo walifunga ndoa katika jimbo la Nevada, Marekani. Asubuhi ya siku hiyo mwanamke alikuwa bado mke wa mtu. Mahakama ikampa talaka, na kabla jua halijatua akawa bibi harusi upya. Mwanamume alikuwa ametangulia kupata talaka yake tarehe 26 Agosti. Kisha wakafunga mizigo, wakarudi kwao North Carolina, wakaishi pamoja kama mume na mke. Hawakujificha. Walikuwa na karatasi zenye muhuri wa mahakama.

Jimbo la North Carolina lilizitazama karatasi zile likasema: hizi hapa si kitu. Kwa macho ya jimbo lao, bwana Williams alikuwa bado mume wa mwanamke aliyemwoa mwaka 1916, na bibi Hendrix alikuwa bado mke wa karani aliyeolewa naye mwaka 1920. Kwa hiyo ndoa ya Nevada ilikuwa ndoa juu ya ndoa. Wakashtakiwa, wakapatikana na hatia, wakahukumiwa kifungo. Watu walewale wawili walikuwa wanandoa halali upande mmoja wa nchi, na wahalifu upande wa pili.

Kesi hiyo ndiyo inayoitwa Williams dhidi ya North Carolina, na ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mara mbili, mwaka 1942 na mwaka 1945. Mimi huirudia kila ninaposikia mtu hapa Nairobi akisema, "Si tuliachana Texas? Mambo yaliisha." Huenda yaliisha Texas. Swali ambalo limesumbua mahakama kwa zaidi ya miaka mia mbili ni hili: mambo yakiisha kule, yameisha na huku?

*

Tuanze Uingereza, maana huko ndiko sheria zetu nyingi zilikotoka, zikiwa na mazuri yake na kero zake.

Kabla ya mwaka 1858, Mwingereza aliyetaka talaka kamili, ile inayokuruhusu kuoa tena, alihitaji Bunge lipitishe sheria kwa ajili yake peke yake. Umesikia vizuri. Sheria nzima ya Bunge kwa ajili ya ndoa moja. Gharama yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba ni matajiri tu waliothubutu, na karibu wote walikuwa wanaume. Lakini ukivuka mpaka kwenda Scotland, ufalme uleule na mfalme yuleyule, mahakama za kawaida zilikuwa zikitoa talaka tangu karne ya 16, kwa mume na kwa mke.

Kwa hiyo watu walivuka. Mmoja wao aliitwa Lolley. Alikuwa ameoa Liverpool. Ndoa ikavunjwa na mahakama ya Scotland, naye akarudi Liverpool akaoa mke mwingine. Mwaka 1812 akashtakiwa kwa kosa la kuoa akiwa bado na mke. Suala likapelekwa mbele ya majaji wakuu wa Uingereza, nao wakashikilia kwamba ndoa iliyofungwa Uingereza haiwezi kuvunjwa na mahakama ya nje. Lolley akahukumiwa kuhamishiwa ng'ambo miaka saba, adhabu waliyopewa wezi na waasi. Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba muhuri wa Edinburgh una nguvu Liverpool.

Miaka tisini baadaye, kosa lilelile likamkamata mtu wa tabaka la juu kabisa. Bwana Russell, lodi wa ukoo mashuhuri na kaka yake mwanafalsafa Bertrand Russell, alikuwa na ndoa iliyojaa kesi na kashfa. Akaenda Nevada, akakaa muda uliotakiwa na sheria ya jimbo hilo, akapewa talaka mwezi Aprili 1900, na papo hapo akaoa mke wa pili mjini Reno. Aliporudi London akakamatwa. Kwa kuwa alikuwa lodi, alidai haki ya kuhukumiwa na malodi wenzake, kwa hiyo Julai 1901 Baraza la Malodi liliketi kama mahakama, joho na taratibu za zamani zote zikiwapo. Akakiri kosa. Akafungwa miezi mitatu katika gereza la Holloway.

Kichekesho ni kwamba mkewe wa kwanza aliitumia ndoa ya Reno kama ushahidi wa uzinzi, akapata talaka ya Kiingereza, na kabla mwaka haujaisha Russell akamwoa tena yule mke wa pili, safari hii kwa njia halali. Ina maana mwanamke huyo aliolewa na mwanamume yuleyule mara mbili: kwanza kwa sheria ya Nevada, kisha kwa sheria ya Uingereza. Russell alitoka gerezani akawa mtetezi wa kurekebisha sheria za talaka, akapeleka miswada bungeni iliyokataliwa mmoja baada ya mwingine.

*

Kwa nini Nevada? Hili swali lina jibu la kibiashara. Nevada ilikuwa jangwa lenye madini, na madini yana tabia ya kuisha. Jimbo likagundua kwamba linaweza kuuza kitu ambacho majirani wamekifungia kabatini. Huko New York, hadi sheria mpya ilipopitishwa mwaka 1966, sababu pekee ya talaka ilikuwa uzinzi, na ulihitaji kuuthibitisha. South Carolina haikuruhusu talaka kabisa hadi mwaka 1949. Nevada yenyewe iliorodhesha sababu nyingi, na miongoni mwake "ukatili wa kupindukia," maneno ambayo yangeweza kubeba hata kununiana mezani.

Sharti lilikuwa moja: uwe mkazi. Na ukazi wenyewe ulizidi kupunguzwa bei. Mwanzoni ulikuwa miezi sita. Mwaka 1927 ukashushwa hadi miezi mitatu. Majimbo mengine yalipoanza kushindana kwa kushusha yao, Nevada ikajibu Machi 1931 kwa kushuka hadi wiki sita, wakati uleule ilipohalalisha kamari. Reno ikajaa hoteli, nyumba za kupanga na ranchi za wageni. Mgeni alikaa siku 42, akapanda farasi, akaandika barua, akahesabu siku. Mwisho akaenda mahakamani na shahidi wake, mara nyingi mama mwenye nyumba, aliyeapa kwamba amemwona mtu huyu kila siku. Wakili akamuuliza: unakusudia kuifanya Nevada makao yako? Akajibu ndiyo. Dakika chache baadaye alikuwa huru, na jioni alikuwa kwenye garimoshi la kurudi kwao.

Kila mtu katika chumba kile alijua kiapo kile kilikuwa cha uongo. Jaji alijua, wakili alijua, mama mwenye nyumba alijua. Lakini jimbo zima lilikula kwa uongo huo.

Sasa, katiba ya Marekani ina kifungu kinachosema kila jimbo lizipe sheria, kumbukumbu na hukumu za majimbo mengine imani kamili. Ukisoma kifungu hicho peke yake, unaona kesi imekwisha: hukumu ya Nevada ni hukumu North Carolina. Lakini mwaka 1906, katika kesi ya Haddock, Mahakama ya Juu ilikuwa imechimba shimo katika kifungu hicho. Mume alikuwa amemwacha mkewe New York, akaenda Connecticut akapata talaka mwaka 1881 bila mke kufika mahakamani. Majaji watano dhidi ya wanne wakasema New York haikulazimika kuitambua. Talaka ilikuwa halali Connecticut, lakini New York ingeweza kuendelea kumhesabu yule mwanamume kuwa mume mwenye wajibu wa kumtunza mkewe.

Hapo ndipo Williams na Hendrix walipoingilia. Walikuwa wameondoka North Carolina mwezi Mei 1940, wakafikia katika vyumba vya wasafiri pembeni mwa barabara ya Las Vegas kwenda Los Angeles, na wiki sita baadaye, tarehe 26 Juni, wakafungua kesi zao. Mke wa Williams alipata habari zake mkononi mwa askari aliyempelekea nakala ya madai kule kwao. Mume wa Hendrix aliitwa kwa tangazo la gazeti la Las Vegas na barua ya posta. Jiulize: ni mfanyakazi gani wa duka huko North Carolina anayesoma gazeti la Las Vegas? Na hata angelisoma, angepata wapi nauli ya kuvuka nchi nzima kwenda kujitetea?

Desemba 1942, Mahakama ya Juu ikaifuta kanuni ya Haddock. Jaji William Douglas, ambaye baadaye maishani yeye mwenyewe aliachana na wake watatu, aliandika kwamba jimbo ambako mmoja wa wanandoa ana makao ya kweli lina uwezo wa kuivunja ndoa hiyo, hata kama mwenzake hayupo, mradi amepewa taarifa ipasavyo. Majimbo mengine yaheshimu. Ilionekana kama wawili wale wameshinda.

Lakini angalia maneno "makao ya kweli." North Carolina iliwashtaki tena, safari hii kwa hoja tofauti: hatupingi nguvu ya hukumu za Nevada, tunasema tu kwamba hawa watu hawakuwahi kuwa wakazi wa Nevada. Walikuwa wageni wa wiki chache. Wazee wa baraza wakakubali. Mei 1945 kesi ikafika tena juu, na Jaji Felix Frankfurter, kwa niaba ya walio wengi, akasema jimbo la nyumbani lina haki ya kujichunguzia lenyewe kama makao yale yalikuwa ya kweli. Hatia ikabaki.

Fikiria maana yake. Siku moja mwaka 1942, maelfu ya watu waliooa na kuolewa upya baada ya safari ya Reno waliambiwa mko salama. Miaka miwili na nusu baadaye wakaambiwa: inategemea. Watoto wao wangekuwa wa ndoa au la, mjane angerithi au la, kutegemea jaji wa jimbo la nyumbani angeamini nini kuhusu wiki sita zilizopita zamani katika chumba cha kupanga.

*

Ni rahisi kumhurumia mtu anayetaka kutoka katika ndoa iliyokufa. Mimi humfikiria zaidi yule aliyebaki nyumbani na kuletewa bahasha.

Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi ya Estin. Hawa walioana mwaka 1937, wakatengana mwaka 1942. Mahakama ya New York ikaamuru mume alipe matunzo ya dola 180 kwa mwezi. Januari 1944 mume akahamia Nevada, na mwaka uliofuata akapata talaka ambayo haikutaja matunzo hata senti. Akaacha kulipa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mimi si mume wako tena, nikulipe kwa nini?

Majaji walifanya jambo ambalo hadi leo wanasheria hulitumia. Waliipasua talaka vipande viwili. Kipande cha kwanza ni hali ya ndoa: huyu ni mume au si mume. Hicho Nevada iliweza kukiamua. Kipande cha pili ni pesa: deni la mume kwa mke anayeishi New York, aliyepata haki yake kwa mahakama ya New York, ambaye hakuwahi kukanyaga Nevada wala kutuma wakili. Hicho Nevada haikuwa na uwezo wa kukifuta. Kwa hiyo ndoa ilikuwa imekufa, lakini dola 180 zilikuwa hai.

Mwaka huohuo, katika kesi ya Sherrer, mahakama ikaongeza kanuni nyingine: kama wote wawili walifika mahakamani kule, wenyewe au kwa wakili, na kila mmoja akapata nafasi ya kusema, basi hakuna anayeruhusiwa kurudi nyumbani na kuanza kupinga upya. Mawakili wakaelewa somo haraka. Ukitaka talaka ya nje isimame, usiifanye kimyakimya. Mpe mwenzako taarifa, mpate saini yake, mwakilishwe pande zote.

Biashara ya Reno haikuuawa na majaji. Iliuawa na sheria za majirani. California ilipoanza mwaka 1970 kuruhusu talaka bila kumtafuta mwenye makosa, na majimbo mengine yakafuata, mtu alikosa sababu ya kupanda ndege kwenda jangwani kusema uongo. Akaweza kusema ukweli hukohuko kwao.

*

Sasa turudi kwetu, maana sisi pia tuna historia ya watu walioambiwa kwamba ndoa zao ni ndoa hapa na si ndoa pale.

Mwaka 1895, shauri la mtumishi mmoja wa serikali huko Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, lilifika Baraza la Rufaa la himaya huko London. Bwana Le Mesurier alitaka talaka Ceylon alikokuwa akifanya kazi. Baraza likasema mahakama yenye uwezo wa kuvunja ndoa ni ya mahali wanandoa wana makao ya kudumu, na si pale wanapoishi tu kwa sababu ya kazi. Na makao ya mke yalihesabiwa kuwa ni ya mumewe, atake asitake. Mume akihamia bara jingine moja kwa moja, makao ya mke yalimfuata kule kama kivuli, hata kama mke mwenyewe amebaki London na watoto watatu.

Kanuni hiyo ilitanda himaya nzima, na ikaleta kichekesho cha kikoloni. Mzungu aliyekuwa Nairobi au Naivasha, akiishi hapa miaka mingi lakini moyoni akikusudia kurudi Uingereza, hakuweza kupata talaka katika mahakama ya Kenya, kwa sababu makao yake yalikuwa kule. Bunge la Uingereza likalazimika kutunga sheria maalumu mwaka 1926 kuruhusu mahakama za India, na kwa nyongeza makoloni kama Kenya, kuvunja ndoa za Waingereza hao, kwa sharti kwamba hukumu ipelekwe London ikasajiliwe. Ikishasajiliwa, ilihesabiwa kana kwamba ilitolewa na Mahakama Kuu ya London yenyewe. Ilikuwa njia nadhifu ya kuvusha talaka mpaka, ikatengenezwa kwa ajili ya walowezi.

Mwafrika je? Mwaka 1917, katika kesi maarufu ya Amkeyo, Jaji Mkuu Hamilton alikataa kuiita ndoa ya kimila ndoa. Aliifananisha na kununua mke. Suala lililokuwa mbele yake lilikuwa dogo, kama mke wa mshtakiwa angelazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, lakini jibu lake lilikuwa pana: mahusiano haya hayana hadhi ya ndoa, kwa hiyo kinga ya wanandoa haipo. Na ndoa isiyotambuliwa haiwezi kuwa na talaka inayotambuliwa.

Ilhali wazee wetu walikuwa na utaratibu wao wa kuvusha talaka. Katika jamii nyingi, ndoa haikuhesabiwa kuvunjika mpaka wazee wa pande zote wameketi na suala la mahari limeamuliwa, kurudishwa yote, sehemu, au kuachwa kwa sababu ya watoto. Ng'ombe wakitembea kurudi walikotoka, kijiji kizima na vijiji jirani vilijua. Mtu akija kumposa yule mwanamke, aliuliza kwanza: mahari ya yule wa kwanza yalirudi? Kazi ya swali hilo ndiyo kazi ya muhuri. Na huku Pwani, Kadhi amekuwa akiandika talaka za Waislamu tangu kabla Waingereza hawajafika, na mahakama yake leo imo ndani ya Katiba.

Kenya huru ilianza kulegeza kamba taratibu. Sheria ya makao ya mwaka 1970 ilimruhusu mwanamke aliyeolewa kuwa na makao yake mwenyewe, tofauti na ya mumewe. Uingereza yenyewe, iliyotuletea kanuni ya kivuli, ilifika hapo Januari 1974. Wakati huohuo majaji wa London walikuwa wameanza kulainika kuhusu talaka za nje. Katika kesi ya Indyka mwaka 1967, mwanamume aliyetoka Czechoslovakia alidai kwamba talaka aliyopata mke wake wa kwanza kule kwao haikuwa halali Uingereza, kwa hiyo ndoa yake ya pili nayo haikuwahi kuwapo. Ungefikiri mtu atang'ang'ania uhuru wake, kumbe huyu alitaka kurudishiwa ndoa ya kale ili aikwepe ya sasa. Malodi wakakataa. Wakasema talaka ya nje itambuliwe kama kulikuwa na uhusiano wa kweli na wa kina kati ya mhusika na nchi iliyoitoa.

Hilo neno "kweli" limetufuata tangu Reno.

*

Leo hapa Kenya suala hili liko katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, kifungu cha 61. Sheria hiyo ilifuta ile ya mkoloni iliyodumu tangu mwaka 1941. Kiini chake ni kilekile tulichokiona njia nzima: sheria inatazama uhusiano wa wanandoa na nchi ambayo mahakama yake ilitoa talaka. Mmoja wenu ana makao kule? Talaka hiyo inatambuliwa mahali penye makao yenu? Haijalishi kwamba harusi ilifanyika Kenya. Kama masharti yametimia, hali yako ya ndoa imebadilika hata machoni pa Kenya.

Lakini kumbuka upasuaji wa kesi ya Estin. Kutambua ni kitu kimoja, kutekeleza ni kitu kingine. Kutambua ni serikali kusema: ndiyo, huyu hana mume. Kutekeleza ni serikali kusema: sasa wewe bwana, toa pesa, au toa nyumba, au lete mtoto. Hilo la pili halivuki mpaka kwa urahisi.

Chukua shamba. Mahakama ya Houston inaweza kuandika kurasa arobaini kuhusu ploti ya Kitengela, lakini haiwezi kubadilisha hata herufi moja kwenye hatimiliki. Kanuni hii nayo ina mizizi Afrika: mwaka 1893 Baraza la Malodi lilikataa kusikiliza mzozo wa ardhi iliyokuwa katika eneo la Wareno kusini mwa Afrika, likisema mahakama ya nje haina kazi na umiliki wa udongo wa nchi nyingine. Anayetaka fungu lake la ardhi ya Kenya anahitaji mahakama ya Kenya, na humo atakutana na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, inayouliza kila mmoja alichangia nini, ikiwemo kulea watoto na kutunza nyumba. Januari 2023 Mahakama ya Juu yetu ilisema wazi kwamba kugawana si nusu kwa nusu moja kwa moja.

Chukua pesa. Kenya ina sheria ya kutekeleza hukumu za nje kwa kupeana: nchi fulani zinaheshimu hukumu zetu, nasi tunaheshimu zao. Tanzania, Uganda, Rwanda na Uingereza zimo katika orodha. Marekani, ambako ndugu zetu wengi wanaoana na kuachana, haimo. Kwa matunzo kuna sheria nyingine ya zamani, nayo pia imejengwa juu ya kupeana. Nje ya njia hizo, mwenye hukumu ya Marekani anaanza kwa kufungua kesi mpya hapa, hukumu ile ikiwa ndiyo msingi wa madai yake.

Chukua mtoto. Hapo Katiba yetu, ibara ya 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza. Amri ya malezi kutoka nje itasomwa kwa heshima, lakini jaji wa hapa atauliza mwenyewe: mtoto huyu, leo, anafaa kuwa wapi?

Unaweza kuona haya yote kama usumbufu wa makaratasi, na kwa kiasi fulani ndivyo yalivyo. Dada aliyeachana Marekani, akarudi nyumbani, akapata mchumba, atatakiwa aonyeshe msajili wa ndoa kwamba ile ya kwanza imekwisha. Nakala ya simu haitoshi. Atahitaji nakala iliyothibitishwa na mahakama iliyoitoa, na kama mume wa zamani ataleta maneno, atahitaji ushahidi kwamba bwana huyo alipewa taarifa, au alifika, au wakili wake alisaini. Ndiyo maana wakili mzuri humwambia mteja azibebe karatasi hizo siku anapofungasha, sio miaka sita baadaye mtu akitaka kupeleka mahari.

Lakini usumbufu huo una upande wa pili. Kila swali linaloulizwa na mahakama ya nyumbani, uliishi kule kweli? mwenzako aliambiwa? alipata nafasi ya kusema?, lilizaliwa kwa sababu kuna mtu aliwahi kubaki nyumbani akaachwa kwa karatasi. Mke wa bwana Haddock aliyesubiri New York. Karani wa duka aliyeitwa kwa gazeti asilolisoma. Mama watoto wa Kisumu au Kakamega ambaye leo anasikia kwa shemeji kwamba mumewe aliyeenda ng'ambo "alishamaliza mambo" na ana familia nyingine.

Kwa mama huyo, kifungu cha 61 si mlango uliofungwa wala mlango ulio wazi tu. Kama talaka ya kule ni ya kweli, itabidi aikubali kama ilivyo: hana mume. Lakini nyumba waliyoijenga pamoja, karo ya watoto, na shamba lililonunuliwa kwa mshahara wake wa ualimu, hayo hayakuvunjwa na jaji asiyemjua. Hayo bado yako hapa, na mahakama yake iko hapa.